Hujasahau Kusoma, Pima Macho

Je, unalisogeza gazeti mbali ndipo uone herufi? Je, uzi hauingii kwenye tundu la sindano? Usiache kisomo ukidhani umesahau kusoma. Hujasahau. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi, yaani kioo kidogo kilichomo ndani ya jicho, hukakamaa. Vitu vya karibu havionekani vizuri. Huu si uchawi.

Miwani ya kusomea itakusaidia. Miwani ya jirani huenda isikufae, kwa sababu macho hayalingani. Nenda ukapimwe. Ijaribu kwa kusoma, ukishika karatasi kama ulivyozoea. Unapotembea, ivue.

Kama unaona ukungu hata mbali, huenda ni mtoto wa jicho. Kama jicho ni jekundu na linauma, wahi hospitali siku hiyo hiyo.