Nafasi ya ya: fonti ilivyoniangusha Bagamoyo

Wakati wa mafunzo ya uwandani kundi letu lilipelekwa Bagamoyo kukusanya data za Kikwere. Wiki mbili za kupanda bodaboda kwenda vijiji vya njia ya Msata, kuamkia wazee, kukaa mkekani na kuuliza "mnasemaje 'amemwona'?" mara kumi kumi, mpaka bibi mmoja akaniuliza, "Mjukuu wangu, huko chuoni kwenu watu hawaonani?" Kazi yenyewe niliipenda. Kilichoniangusha ni fonti.

Ijumaa msimamizi alikuwa anakuja kuona rasimu zetu, na alitaka karatasi, si faili. Nikaingia steshenari moja mjini na flashi yangu. Dada wa pale akafungua faili kwenye Word, akaprinti kurasa kumi na nne, nikalipa, nikaondoka bila kukagua hata ukurasa mmoja. Jioni ukurasa wa tatu ulirudi umezungushiwa kalamu nyekundu. Sentensi yangu ilikuwa inasomeka hivi: "Nafasi ya ya ni kabla tu ya mzizi, na ki hutangulia nj." Pembeni msimamizi ameandika: "Ya ya ndiyo nini?"

Kwenye laptop yangu sentensi ile ilikuwa safi kabisa. YA ni yambwa, KI ni kiima, NJ ni njeo. Wanaosoma isimu wanajua kwamba vifupisho vya namna hii huandikwa kwa herufi tofauti na maneno ya kawaida, ili msomaji asichanganye lebo ya kisarufi na neno la lugha yenyewe. Kanuni za Leipzig, ambazo wengi wetu tunaelekezwa kuzifuata tunapochanganua sentensi mofimu kwa mofimu, zinataka lebo ziwe katika herufi kubwa, na desturi ni kutumia zile herufi kubwa zilizofupishwa. Sasa kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, maana lebo zetu zinafanana na viambishi vyetu. KI ya kiima na ki- ya kiti. YA ya yambwa na "ya" ya kila siku. Ukiondoa tofauti ya herufi umeondoa maana.

Herufi hizo nitaziita hapa herufi kubwa fupi, kwa kukosa jina bora. Umbo lake ni la herufi kubwa, A B C, lakini kimo chake kinakaribia cha herufi ndogo kama a au x. Wachapaji wa vitabu wanazitumia tangu zamani, na sababu yao ni rahisi: herufi kubwa zikifuatana ndani ya aya zinapiga kelele. Chukua gazeti lolote la hapa nchini uone. Sisi ni watu wa vifupisho. TAMISEMI, TAKUKURU, NECTA, HESLB, TCU, TANESCO, vyote vinaweza kukaa katika aya moja, na jicho linarukia hapo kabla halijasoma chochote. Ukivishusha viwe herufi kubwa fupi, aya inatulia na kifupisho bado kinaonekana kuwa kifupisho.

Bagamoyo penyewe pana mfano mzuri. Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981, tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na kifupi chake rasmi ni TaSUBa. Angalia hizo a mbili ndogo: Ta ya Taasisi, Ba ya Bagamoyo. Mtu akiziandika kwa herufi kubwa tupu, TASUBA, ameshapoteza jinsi jina lilivyojengwa. Akizipitisha kwenye herufi kubwa fupi, T, S, U na B zinabaki ndefu na zile a zinakuwa A fupi. Jina linakuwa la herufi kubwa tupu na bado umbo lake linasomeka.

Sasa tuingie jikoni. Kuna herufi kubwa fupi za kweli na za kuigiza. Ukiwa kwenye Word ukabonyeza Ctrl, Shift na K, unapata za kuigiza: programu inachukua herufi kubwa ya kawaida na kuipunguza. Tatizo ni kwamba ukipunguza kimo umepunguza na unene wa mistari, kama kupiga picha chapati na kuichapa ndogo. Herufi inabaki nyembamba, dhaifu kuliko jirani zake. Za kweli zimechorwa na mbunifu wa fonti mmoja mmoja, mistari yake ina unene uleule wa herufi ndogo, na zimeachiwa nafasi zaidi kati yake. Zinakaa ndani ya faili ya fonti zikisubiri kuitwa.

Kuitwa huko ndiko kunaitwa vipengele vya fonti. Mwaka 1996 Microsoft na Adobe walitangaza mfumo wa OpenType, ambao unaruhusu faili moja ya fonti ibebe maumbo mengi ya herufi ileile pamoja na maelekezo ya lini litumike lipi. Kila kipengele kina jina la herufi nne. Kwa habari yetu kuna viwili, na hapa ndipo nilipojikwaa, kwa hiyo nitaenda polepole.

Cha kwanza ni smcp. Hiki kinachukua herufi ndogo na kuzionyesha kama herufi kubwa fupi. Cha pili ni c2sc, kinachochukua herufi kubwa na kuzionyesha kama herufi kubwa fupi. Kwenye kioo ukiandika "ya" kwa smcp au "YA" kwa c2sc utaona kitu kilekile kabisa. Lakini kilichohifadhiwa ndani ya faili si kilekile. Kwa smcp, ndani mna "ya". Kwa c2sc, ndani mna "YA". Kipengele cha fonti ni vazi tu, na siku vazi likivuka utaonekana ulivyo.

Mimi nilikuwa nimeandika lebo zangu zote kwa herufi ndogo, halafu nikazivalisha smcp. Natumia LibreOffice, kwa sababu ni ya bure na laptop yangu ni ya zamani. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2017 unaweza kuandika kipengele palepale kwenye kisanduku cha jina la fonti: Gentium Plus, nukta mbili, smcp. Kuanzia 6.2 ya mwaka 2019 kuna hata kitufe chake, Features, karibu na orodha ya fonti, unaweka tiki tu. Nikahifadhi kama docx, nikaipeleka dukani. Word ya kule ikakutana na fonti inayoitwa "Gentium Plus:smcp", jina ambalo kwake halina maana, ikaweka fonti nyingine. Vazi likavuka. YA ikawa ya, KI ikawa ki. Hata kama dada yule angekuwa na Gentium kwenye kompyuta yake, isingesaidia, maana jina lenyewe lilikuwa na mkia.

Niliporudi kulalamika alinijibu kwa upole, "Kaka, mimi nimeprinti kilichomo." Na kweli.

Kwa hiyo siku hizi lebo zote naandika kwa herufi kubwa halisi, kisha natumia c2sc. Fonti ikipotea njiani, lebo zinarudi kuwa herufi kubwa za kawaida: zinapiga kelele, lakini "nafasi ya YA" bado ni nafasi ya YA. Faida nyingine hauioni mpaka ikuhusu. Ukinakili sentensi na kuipeleka kwenye WhatsApp au barua pepe, kinachohama ni kile cha ndani. Na wenzetu wasioona wanaotumia programu ya kusoma kwa sauti, hiyo programu haiangalii umbo, inasoma kilichohifadhiwa.

Kama kazi yako inazunguka kwa watu watatu wenye Word kabla haijachapwa, ushauri wangu hautawafurahisha wapenda fonti: achana na vipengele. Andika herufi kubwa halisi na uzipunguze pointi moja au mbili kwenye mtindo mmoja uliouhifadhi. Zitakuwa nyembamba kidogo, ndiyo, lakini zitafika. Word yenyewe, hata ukiwa na Calibri ambayo ina herufi kubwa fupi za kweli ndani yake, haikupi njia ya kuziita. Menyu yake ya fonti, upande wa Advanced, ina mengine tangu 2010: herufi zilizoshikana, aina za tarakimu, mitindo mbadala. Hili moja hamna. Wa LaTeX wanatumia \textsc na wanajisikia. Wakumbushwe kwamba nayo hubadilisha herufi ndogo, yaani ni ndugu yake smcp.

Njia ya uhakika ya kwenda steshenari ni PDF yenye fonti ndani yake. Hapo duka haliwezi kubadilisha kitu. LibreOffice huziweka fonti yenyewe unapotoa PDF. Ila PDF nayo ina mtego wake, na Kiswahili kinaumia zaidi ya lugha nyingi. Fonti nyingi huunganisha f na i kuwa umbo moja, kwa kipengele kinachoitwa liga, ili kichwa cha f kisigongane na nukta ya i. Sasa hesabu maneno yetu: rafiki, ofisi, safi, safari ya kufika, fisi, fikra. PDF ikitengenezwa vibaya, umbo hilo la pamoja halikumbuki tena kwamba lilikuwa herufi mbili. Unatafuta "rafiki" hupati, ukinakili unapata "ra ki". Kabla hujawasilisha tasnifu, fungua PDF yako utafute neno "ofisi". Dakika moja tu.

Tarakimu nitazipitia haraka. Fonti kama Georgia zina tarakimu zinazopanda na kushuka, nzuri ndani ya aya, mwaka 1868 ukikaa vizuri kati ya maneno. Kwenye jedwali ni balaa. Mweka hazina yeyote wa chama chetu anayeandaa bajeti atumie tarakimu za kimo kimoja na upana mmoja, lnum na tnum, ili maelfu yakae chini ya maelfu. Mtu akidhani laki ni elfu kumi kwa sababu ya safu iliyopinda, hapo hatuzungumzii urembo.

Jumapili yetu ya mwisho tulitembea hadi Kaole, kwenye magofu ya misikiti na makaburi, na njiani nikawa nawaza maandishi ya kale ya pwani hii, yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya shule za wamisionari. Kule vipengele vya fonti si pambo hata kidogo. Herufi moja ya Kiarabu ina umbo la mwanzo wa neno, la katikati, la mwisho na la kusimama peke yake, na kompyuta huhifadhi moja tu. Maumbo huletwa na init, medi na fina. Programu isipoviendesha, herufi zinasimama mojamoja kama watu waliogombana, pengine zimegeuzwa kutoka kushoto kwenda kulia. Bila shaka umeshaona bango la namna hiyo, na aliyelichapa hakujua kwamba neno halisomeki. Anayetaka kuandika Kiswahili kwa herufi hizo leo, pamoja na p, ch, v na g ambazo Kiarabu sanifu hakina, ajaribu fonti za bure kama Amiri au Scheherazade New, na aandike kwanza neno moja lenye herufi hizo zote nne aone kama zimeshikana.

Rasimu yangu niliichapa upya Jumatatu, duka lilelile, safari hii PDF. Dada aliniuliza, "Kaka, umekagua?" Nikakaa kwenye benchi lake nikasoma kurasa zote kumi na nne. Kwenye ukurasa wa tisa nilikuta nimeandika "YA YA". Hiyo ilikuwa yangu mwenyewe, fonti haihusiki.