Mzee, Ulifanya Kazi Gani?

Aliyevuta vumbi la asbesto ujanani anaweza kukaa miaka 20, hata 50, bila dalili. Akishastaafu ndipo anaanza kuhema kwenye kilima kidogo, ubavu unauma, maji yanajaa pembeni ya pafu. Huenda ni mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Huku Nyanda za Juu Kusini maji ya aina hiyo hudhaniwa kwanza kuwa ya kifua kikuu, na dhana hiyo ina msingi. Ila dozi ikiisha bila nafuu, mzee aulizwe alifanya kazi gani.

Kwa swali hilo, natamani watu wa Mgololo, mji uliokua kandokando ya kiwanda cha karatasi, wawe na kikundi cha wagonjwa wa mapafu na familia zao. Faraja ni muhimu, hasa majirani wanapokukwepa kwa kudhani kikohozi chako kinaambukiza. Mesothelioma haiambukizi. Lakini kikundi kina kazi nyingine kubwa: kukumbuka. Mgonjwa peke yake hukumbuka mwajiri. Wenzake wa zamu hukumbuka nani alibandua vifuniko vya mabomba ya mvuke, na vumbi lilikuwaje. Duniani, viwanda vingi vya karatasi vya karne iliyopita vilitumia asbesto kuzuia joto la boila na mabomba. Hilo halikihukumu kiwanda chochote; linatupa sababu ya kumuuliza kila fundi wa zamani, awe wa karatasi, wa reli au wa kuezeka.

Afrika Kusini ilijifunza hivyo. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33, karibu wote wakiwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya bluu ya Cape Kaskazini. Baadhi hawakuwahi kuchimba. Waliishi jirani tu. Baadaye, mjini Prieska, wagonjwa na ndugu zao waliunda Concerned People Against Asbestos. Maelfu ya wadai waliishtaki Cape, kampuni ya Uingereza iliyochimba asbesto huko. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikaruhusu kesi isikilizwe Uingereza, na mwaka 2003 fidia ikapatikana.

Mama naye asibaki nje ya kikao akipika chai. Aliyekung'uta na kufua ovaroli za mumewe alivuta vumbi lilelile, na wapo wake waliougua kwa njia hiyo.

Mfano wa kuendesha kikundi tunao: vikundi vya watu wanaoishi na VVU (WAVIU) vya Iringa na Njombe vilishatufundisha kutembeleana nyumbani na kusindikizana hospitali. Hiki cha Mgololo kiongeze daftari: jina, miaka, idara, kazi yenyewe, aliyekuwa naye zamu. Daktari atalihitaji, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, nao hutaka kujua ugonjwa ulitokana na kazi ipi. Waanze na wazee wa idara ya matengenezo, maana hao ndio walioshika mabomba.