Trioplan, au lenzi ya projekta?

Anayependa mapovu ya sabuni kwenye picha, zile duara zenye ukingo unaong'aa nyuma ya ua au uso wa mtu, ataambiwa anunue Trioplan 100 mm f/2.8. Ilitengenezwa Görlitz, mashariki mwa Ujerumani, katika kiwanda alichokianzisha Hugo Meyer mwaka 1896. Ndani ina vioo vitatu tu, na mapovu yenyewe ni kasoro ambayo wabunifu wa lenzi za kisasa hujitahidi kuiondoa. Kasoro ikawa fasheni, bei ikapaa: iliyo safi leo kwa kawaida ni dola 300 na kuendelea.

Kabla hujatoa fedha hizo, itazame ndugu yake. Kiwanda hichohicho kiliunda Diaplan 100 mm kwa ajili ya projekta za slaidi, na baadaye ikauzwa kwa jina la Pentacon AV. Vioo ni vitatu vilevile, f/2.8 ileile, na mara nyingi hupatikana chini ya dola 100. Haina pete ya kulengea wala diaframu, kwa hiyo ongeza bomba la skrubu la kulengea, adapta na pete ya kuishikia. Jumla yote huzunguka nusu ya bei ya Trioplan. Kukosa diaframu hakuniumizi kichwa, maana mapovu hutokea lenzi ikiwa wazi kabisa. Taabu ni jua la mchana: utahitaji shata ya kasi au filta nyeusi.

Kama shida yako ni usuli laini tu, bila mapovu, tafuta Orestor 135 mm f/2.8 ya kiwanda hichohicho. Kampuni ya Meyer ilimezwa na Pentacon mwaka 1968, na jina la lenzi hiyo likabadilika kuwa Pentacon 135. Hapo ndipo wanunuzi hupigwa: Pentacon 135 ya awali ina mabamba 15 ya diaframu kama Orestor, lakini ile ya baadaye, ya otomatiki, ina 6. Jina moja, lenzi mbili. Mwambie muuzaji aifunge diaframu kidogo, aipige picha kwa mbele, uhesabu mwenyewe.

Nyingi ya hizi ni za skrubu ya M42, ila Trioplan kuukuu huja pia na mdomo wa Exakta, basi uliza kabla ya kununua adapta. Kwa kamera isiyo na kioo cha kuakisi (mirrorless) adapta ni dola chache. Mwenye DSLR ya Nikon afikiri mara mbili: bila kioo cha ziada ndani ya adapta, haitalenga vitu vya mbali.

Na kuvu! Orestor yangu ya kwanza ilikuwa ya bei ya kutupa, ikafika na utando kama wa buibui ndani. Fundi akanitajia gharama iliyozidi bei niliyonunulia. Siku hizi naomba picha ya lenzi ikimulikwa tochi kwa nyuma. Muuzaji akisitasita, naendelea na mwingine. Kwa sisi wa pwani, hata iliyofika safi huhifadhiwa kwenye kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.