Pima Kwanza, Kisha Urushe



Siku moja, hapa kwetu Mbagala, mwanafunzi wangu mmoja alikuja chuoni na kasha kwapani. Ndani mlikuwa na vipande vya ndege ya kuunganisha: mbawa na kiwiliwili cha povu gumu, mfano wa lile la makasha ya samaki, mota, rafadha, betri, na mtambo wa kushika mkononi wa kuiongozea kwa mawimbi ya redio. Mjomba wake alimletea kutoka Maskati. Nami, bila ya kuuliza, nalilitia kasha lile kabatini, nikamwambia, "Mwanangu, mchezo huu utakupotezea wakati." Hakunijibu neno; lakini juma zima sauti yake haikusikika darasani.

Nikaona nimemdhulumu. Nikamrudishia kasha lake kwa sharti moja, kwamba aiunde mbele yangu.

Kijana aligundisha mbawa, akafunga vimota vidogo vya kugeuza mkia. Kwa haraka aliyokuwa nayo akaenda uwanjani, akairusha kwa mkono bila ya kuwasha mota, ili aone kama itaelea. Ndege iliinua pua, ikasita, kisha ikaanguka kwa mkia. Bawa likavunjika. "Maalim," aliniambia, "ulisema kweli, nimepoteza wakati."

Tukakaa mkekani, tukasoma maelezo yaliyokuja na kasha. Hapana budi ndege ipimwe kabla ya kurushwa. Huwekwa ncha za vidole chini ya mbawa, kiasi cha robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikitulia sawa, uzito wake uko mahali pake. Yetu ililalia nyuma. Na ndege iliyo nzito nyuma huinua pua mno, upepo ukaacha kuzibeba mbawa zake. Dawa ilikuwa ni kuisogeza betri mbele, upana wa vidole viwili tu. Bawa likaungwa, ndege ikarushwa tena, ikateleza hewani hata ikatua majanini.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Katika karne ya 9, Abbas ibn Firnas wa Qurtuba, Andalusi, alijivika mbawa akaruka. Mwanahistoria al-Maqqari ameandika kwamba alielea kitambo, lakini akaumia mgongo alipotua, kwa kuwa hakujiwekea mkia. Mwanachuoni yule naye alifunzwa na kuanguka.

Wala elimu hii si mchezo mtupu. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, zisizofika kilo moja, zirushwazo kwa mkono. Na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliofunzwa kazi hiyo. Hapa Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatia wanafunzi na wakazi katika kuchora ramani za mitaa inayojiwa na mafuriko, kama Tandale ya Kinondoni.

Lakini anga ina wenyewe. Anayetaka kurusha ndege ya namna hii yampasa kwanza apate ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya wizara ya ulinzi. Tena sisi wa Temeke tu jirani wa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, na juu ya vichwa vya watu si mahali pa kujaribia. Kijana wetu ameelewa: mota haijawashwa bado, na mjomba wake anafuatilia ruhusa.

Enyi wazazi, mtoto akija na kasha la namna hii, msilifungie kabatini kama nilivyofanya mimi. Ketini naye mkekani, mpime pamoja. Mtoto aliyejifunza kutafuta kosa lake mwenyewe, akalirekebisha bila ya kukata tamaa, amepata elimu itakayomfaa hata siku asiyokuwa na ndege.