Aliyeogopa ndiye aliyerudi

Jumapili ya Pasaka, tarehe 30 Machi 1834, wanawake wawili waliingia katika kanisa la Holy Trinity, mtaa wa Goodramgate, mjini York, kaskazini mwa Uingereza, wakapokea Ushirika Mtakatifu. Hapakuwa na vigelegele wala cheti, na padri hakujua kwamba mbele yake palikuwa na maharusi. Lakini wao wawili walijua. Pete walikwisha kupeana mwezi Februari, na sasa walikuwa wakiifunga ahadi yao mbele ya Mungu kwa njia pekee iliyokuwa wazi kwao.

Mkubwa wao alikuwa Anne Lister, mwenye miaka 42, mmiliki wa Shibden Hall karibu na mji wa Halifax. Mdogo alikuwa Ann Walker, mwenye miaka 30, jirani yake wa kijiji cha Lightcliffe. Ulimwengu umemwimba sana Lister. Mimi nataka kumsemea Walker, kwa sababu mwaka mmoja tu kabla ya Pasaka ile yeye ndiye aliyekuwa amekimbia.

Majirani wawili

Halifax ya wakati huo ulikuwa mji wa vitambaa vya sufu na makaa ya mawe, mji ambao kila mwenye mali alijulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa benchi analokalia kanisani. Lister alivaa nguo nyeusi siku zote, alitembea kwa hatua ndefu, alisimamia wapangaji wake na kuchimba makaa akishindana na matajiri wa kiume. Alikuwa amekwisha kuumia kwa mapenzi: kipenzi chake cha ujanani, Mariana Belcombe, aliolewa na mwanamume tajiri mwaka 1816, na jeraha hilo lilichukua miaka mingi kupona.

Walker alikuwa mtu wa namna nyingine. Wazazi wake wote wawili walifariki mwaka 1823, na kaka yake akafa mwaka 1830 akiwa katika fungate huko Italia. Utajiri mkubwa wa ukoo ukawaangukia yeye na dada yake. Kwa hiyo alizungukwa na watu wenye maoni: ndugu waliomchunga, wanaume waliomposa, wazee walioona mali yake kabla ya kumwona yeye. Tena alikuwa na huzuni nzito iliyokuja na kuondoka, na alimwogopa Mungu kwa namna iliyomnyima usingizi.

Wawili hao walikuwa wakifahamiana tangu zamani kwa ujirani tu. Mwaka 1832 walianza kutembeleana, na urafiki ukageuka mapenzi. Tuseme ukweli: Lister aliupigia hesabu utajiri wa Walker, na mwenyewe aliyaandika hayo katika shajara yake bila kificho. Aliandika pia kwamba moyo wake ulikuwa umenasa. Akamwomba waishi pamoja kama mtu na mwenzi wake.

Walker akasita. Leo alikubali, kesho akalia na kukataa. Aliogopa dhambi na aliogopa ndugu zake. Februari 1833 alikwenda Scotland kwa dada yake, na Lister naye akafunga mizigo akaenda zake Denmark. Kwa mtazamaji yeyote, mambo yalikuwa yamekwisha.

Kurudi

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lister alirudi Shibden mwishoni mwa mwaka ule, shangazi yake mpendwa akiwa mgonjwa. Mwanzoni mwa 1834 yeye na Walker walikuwa wameonana tena, na safari hii Walker hakusita kama zamani. Alikubali pete, akakubali Pasaka ya York, na mwezi Septemba mwaka huohuo alihamia Shibden Hall, machoni pa mji mzima.

Tupime uzito wa hatua hiyo. Kabla ya kupenda, Lister alikwisha kuwa mtu wa kusemwa. Watu wa Halifax walimcheka miaka mingi naye akazoea. Walker ndiye aliyekuwa na sifa njema ya kupoteza. Na mji haukuchelewa kumtoza. Januari 1835, katika joto la uchaguzi, mtu fulani alipeleka katika gazeti la Leeds Mercury tangazo la dhihaka la ndoa ya “Kapteni Tom Lister” na Bi Walker. Novemba mwaka huohuo, mjini London, wanaume wawili, James Pratt na John Smith, walinyongwa kwa kosa la kulala pamoja. Sheria iliyowahukumu haikuwataja wanawake, lakini kila mtu alijua upepo unavumia wapi.

Maisha yao hayakuwa asali tupu. Waligombana kuhusu fedha, na huzuni ya Walker ilirudi mara kwa mara. Hata hivyo waliandikiana wosia, kila mmoja akimpa mwenzake haki ya kufaidi mali yake akitangulia kufa. Mwaka 1839 waliondoka pamoja kwenda Urusi, wakafika hadi milima ya Caucasus. Huko, katika mji wa Kutaisi ulio katika Georgia ya leo, Lister alifariki kwa homa tarehe 22 Septemba 1840.

Mwanamke aliyedhaniwa dhaifu akaleta maiti ya mwenzake nyumbani kutoka ukingoni mwa Ulaya, safari ya miezi mingi, hadi Lister akazikwa Halifax tarehe 29 Aprili 1841. Miaka miwili baadaye Walker aliondolewa Shibden kwa nguvu, akatangazwa kuwa hana akili timamu. Alifariki mwaka 1854.

Kalamu ya pili

Tunayajua haya kwa sababu Lister aliandika shajara ya maneno yapatayo milioni 5, karibu sehemu moja ya sita ikiwa katika maandishi ya siri. Jamaa yake John Lister aliyafumbua mwishoni mwa karne ya 19, na aliposhauriwa kuyachoma, akayaficha. Mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya kumbukumbu za Uingereza, na mwaka 2019 tamthilia ya televisheni Gentleman Jack iliyafikisha duniani kote.

Muda wote huo Walker alisimuliwa na kalamu ya mwenzake, na mara nyingi kama mzigo. Kisha mwaka 2020, katika hifadhi ya nyaraka ya Yorkshire Magharibi, ikatambuliwa shajara yake mwenyewe, inayoanza Juni 1834, miezi michache baada ya Pasaka ile. Hatimaye naye ana sauti.

Nadhani tumekosea kuwasifu tu wale wasiotetereka. Asiyeogopa halipi gharama kubwa kusonga mbele. Ann Walker aliogopa kweli, alikimbia kweli, kisha akarudi katika mji uleule, kwa mtu yuleyule, akiijua bei. Nafasi ya pili katika mapenzi haiji yenyewe. Huundwa na yule anayerudi, na heshima yake apewe yeye.