Upasuaji wa kutibu unene: Kazi kubwa huanza baada ya kisu

Na Mwandishi Wetu

UPASUAJI wa tumbo kwa ajili ya kutibu unene uliokithiri umekuwa ukizungumzwa sana mijini, na wapo wenye uwezo wanaosafiri hadi India kuufuata. Wengi huuona kuwa ni njia ya mkato ya kurudisha umbo. Ukweli ni kwamba hii ni tiba nzito, yenye faida zilizothibitishwa, lakini inayomfunga mgonjwa kwa daktari maisha yake yote. Anayeisahau sehemu hiyo ya pili ndiye hupata madhara.

Si kila mwenye kitambi anaihitaji. Madaktari hutumia uwiano wa uzito na urefu, unaopatikana kwa kugawa kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwaka 1991, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilipendekeza upasuaji kwa waliofikia 40, au 35 iwapo wana maradhi kama kisukari. Mtu mwenye urefu wa mita 1.65 hufikia 40 akiwa na kilo 109. Mwaka 2022, vyama viwili vya wapasuaji wa fani hiyo, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha kiwango hadi 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine.

Katika upasuaji unaofanywa kwa wingi zaidi siku hizi, daktari hupitisha vifaa kwenye matundu madogo tumboni, kisha hukata na kuondoa kati ya asilimia 75 na 80 ya mfuko wa chakula, akabakiza sehemu nyembamba mithili ya ndizi. Aina nyingine, iliyoasisiwa na Dk. Edward Mason wa Marekani miaka ya 1960, hubakiza kifuko kidogo kinachounganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula hukwepa sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo.

Udogo wa mfuko hauelezi kila kitu. Homoni ya njaa iitwayo grelini, iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999, hutengenezwa kwa wingi katika sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, ile ile inayoondolewa. Homoni nyingine za shibe huongezeka chakula kinapofika utumboni mapema. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wa kisukari hushuka sukari siku chache tu baada ya upasuaji, kabla hawajapungua kilo za kutajika. Jambo hili linapaswa kuwanyamazisha wanaodai kuwa mnene ni mlafi tu asiyejizuia.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitoka Sweden, katika utafiti ulioanza mwaka 1987. Miongoni mwa wagonjwa 2,010 waliofanyiwa upasuaji, 101 walifariki katika kipindi cha wastani wa miaka 11, ikilinganishwa na 129 kati ya 2,037 waliotibiwa kwa njia za kawaida. Hata hivyo, kisukari kilichokuwa kimetoweka kwa asilimia 72 ya wenye ugonjwa huo baada ya miaka miwili, kilibaki kimetoweka kwa asilimia 36 tu baada ya miaka 10.

Hatari ya kufa kutokana na upasuaji wenyewe ni ndogo katika hospitali zenye uzoefu. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha vifo vya asilimia 0.3 katika siku 30 za mwanzo. Kinachosumbua zaidi huja polepole. Mwili hushindwa kufyonza vya kutosha madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12, na matokeo yake ni upungufu wa damu, mifupa dhaifu, au ganzi miguuni ambayo ikicheleweshwa huenda isipone. Mgonjwa humeza vidonge vya vitamini na kupimwa damu maisha yake yote. Pombe nayo humlevya upesi, na soda moja yaweza kumtoa jasho na kumwendesha mbio chooni.

Kwa hiyo anayepanga safari ya nje aulize kwanza ni daktari gani atakayempima akirejea, na vidonge hivyo atavinunua wapi mwaka wa tano.

Upasuaji huu usichanganywe na puto linaloingizwa tumboni kupitia mdomoni, huduma iliyowahi kuvuma ilipoanza kutolewa Muhimbili-Mloganzila jijini Dar es Salaam. Puto hutolewa baada ya miezi kadhaa, na uzito huweza kurudi. Sindano mpya za semaglutide nazo hupunguza njaa, lakini wengi huanza kunenepa tena wakiziacha.

Wanawake wana la ziada. Uzito unaposhuka, uwezo wa kushika mimba huongezeka haraka, hata kwa aliyehangaika miaka mingi bila mtoto. Madaktari hushauri asubiri miezi 12 hadi 18, kwa sababu katika kipindi hicho mwili unaopungua kwa kasi hauna akiba ya kumlisha mtoto tumboni. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri, hivyo ni bora kuzungumza na daktari kuhusu sindano, kitanzi au kipandikizi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.