Rejeta ya Gari, Pampu ya Samaki: Mila za Wapoza Kompyuta kwa Maji

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kwenye yadi za magari mabovu huko Marekani, walianza kuonekana wateja wa aina mpya. Wengi wao walikuwa vijana, na hawakuulizia injini wala matairi. Walitaka rejeta ndogo ya hita, ile inayokaa ndani ya dashibodi na kuwapasha joto abiria wakati wa baridi. Waliitaka hasa ya Chevrolet Chevette, au ya Pontiac Bonneville ya mwaka 1977. Rejeta hiyo ilikuwa inakwenda kufungwa kwenye kompyuta.

Haja ilitokana na kasi. Mwaka 1998 kampuni ya Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini iliyopangiwa kukimbia kwa megahezi 300. Mtu akibadilisha mpangilio wa mazabodi kutoka megahezi 66 kwenda 100, nyingi kati ya prosesa hizo zilifika 450 bila kulalamika, zikawa zinashindana na zile za matajiri. Lakini kasi huzaa joto, na kadiri wapandisha kasi walivyozidi kukaza, feni ndogo za wakati ule zilipiga kelele usiku kucha na bado hazikutosha. Maji, kwa ujazo uleule, hubeba joto takribani mara 3,500 zaidi ya hewa. Kampuni kubwa zililijua hilo zamani. IBM ilipitisha maji ndani ya kompyuta yake ya System/360 Model 91 tangu miaka ya 1960. Vifaa vya kumfaa mtu wa nyumbani ndivyo vilivyokuwa haba na ghali. Basi wasio na fedha wakaanza kujitengenezea, wakafundishana, na katika kufundishana huko wakajikuta wamekuwa jamii yenye wazee, miiko na taratibu ambazo mgeni hakuruhusiwa kuziruka.

Mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa kuchanganya shaba na alumini. Metali hizo mbili zikikutana kwenye maji yanayozunguka huwa kama betri dhaifu: alumini inaliwa polepole, maji yanachafuka, njia nyembamba zinaziba, na mwisho rejeta inatoboka. Ndiyo maana magari ya zamani yalipendwa. Rejeta zao za hita zilikuwa za shaba, zimeungwa kwa risasi, wakati magari mapya yalikuwa yamehamia alumini. Kijana aliyekuja na rejeta ya alumini kwa kuwa ameipata bure aliambiwa airudishe, na hakuna mzee aliyemsaidia hatua ya pili kabla hajafanya hivyo. Nadhani walikuwa na haki. Kosa la namna hiyo halionekani siku ya kwanza. Linaonekana baada ya miezi, wakati maji yameshafika kwenye mazabodi.

Rejeta ikishapatikana ilioshwa kwa siki na maji ya moto mpaka uchafu wa miaka uishe, kisha ikasuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa, aina ileile inayotiwa kwenye betri za magari. Maji ya bomba yalikatazwa kwa sababu ya chumvi zake. Kati ya feni na rejeta waliweka kasha la bati, mbao au plastiki lenye kina cha sentimita chache. Asiyejua angedhani ni pambo, lakini kitovu cha feni hakipulizi hewa, na feni ikibanwa moja kwa moja kwenye rejeta, sehemu ya katikati haipati kitu. Kasha huipa hewa nafasi ya kutawanyika.

Pampu ilitoka kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Iliyoheshimiwa zaidi ilikuwa Eheim ya Kijerumani, hasa namba 1048 inayosukuma lita 600 kwa saa, kwa kuwa ilikuwa kimya na yenye uvumilivu. Hatari yake ni kwamba ilichomekwa ukutani, mbali na swichi ya kompyuta. Mtu akiwasha kompyuta akasahau pampu, aliipoteza prosesa. Athlon za AMD za wakati huo hazikuwa na kinga ya ndani ya kujizima, na zikiondolewa kilichozipoza ziliungua ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo wenye busara walifunga relei, kompyuta ikiwaka pampu nayo inawaka yenyewe.

Kazi iliyompa mtu heshima ilikuwa bloku, kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji ndani yake. Wengi walitoboa wenyewe kwa drili, wakaunganisha matundu kwa ndani, kisha wakaziba yaliyobaki wazi. Baada ya hapo ulianza usuguaji. Msasa hulazwa juu ya kioo, kwa kuwa kioo ni bapa kuliko meza yoyote, na hulowanishwa maji kidogo. Bloku hupelekwa mbele na kurudishwa kwa uzito wake yenyewe bila kukandamizwa, kisha hugeuzwa robo mzunguko ili mkono usielemee upande mmoja. Huanzwa na msasa namba 400, ikafuata 600, halafu 1000, na wenye subira hufika 2000. Fundi alijua amefika pale alipoweza kusoma maandishi ya gazeti kwenye shaba. Urembo haukuwa shabaha. Shaba iliyonyooka hugusana na prosesa sawasawa, na pesti ya joto inayohitajika huwa chembe tu.

Usiku wa majaribio ndio uliopima tabia ya mtu. Mfumo wote ulifungwa, mipira ikakazwa kwa klipu za chuma, na karatasi za tishu zikawekwa chini ya kila kiungo, kwa sababu tone dogo lisiloonekana kwenye chuma huonekana mara moja kwenye karatasi. Pampu iliwashwa peke yake. Pampu ikiwa ya kutumia pawa saplai, waya wa kijani na wa mweusi ziliunganishwa kwa klipu ya ofisini ili umeme uje bila kuigusa mazabodi. Kisha kompyuta iliinamishwa huku na huku mpaka mapovu yatoke yote. Desturi ilidai saa 24. Wenye pupa waliona saa mbili zinatosha, na hao ndio waliokuja kuomba ushauri wa kukausha mazabodi.

Wakishamaliza, walitoa taarifa, na hapa ndipo ninapowaheshimu zaidi. Kusema prosesa ina nyuzi 40 hakukumpa mtu sifa yoyote. Aliulizwa chumba kilikuwa na nyuzi ngapi, prosesa ilifanyishwa kazi gani na kwa muda gani. Nyuzi 40 katika chumba cha 15 ni kazi mbovu. Katika chumba cha 30 ni kazi ya kusifiwa. Aliyeunguza kifaa alitarajiwa kueleza alivyokosea ili mwingine asirudie, na kueleza huko kulimpandisha hadhi. Kwenye mikusanyiko ya michezo ya kompyuta, kama DreamHack ya Sweden na QuakeCon ya Texas, watu walibeba kompyuta zao hadi mezani, na mashine iliyofunguliwa ubavu iliwavuta wageni waje kuuliza.

Mwaka 2009 Corsair ilitoa H50, iliyotengenezwa na Asetek ya Denmark: pampu, bloku, mipira na rejeta vimefungwa kiwandani, maji yamo ndani, mnunuzi anakaza skrubu tu. Vifaa vya namna hiyo vilienea, na sababu ya kwenda kwenye yadi za magari ikapungua mwaka hadi mwaka. Simlaumu anayenunua. Kusema kweli, anayetaka kompyuta ipoe basi, hata maji hayahitaji: kipoozi kikubwa cha kisasa chenye mirija ya shaba na feni ya milimita 120 kitamtosha, kwa bei ndogo, na hakivuji. Anayetaka kujifunza kutengeneza kwa mikono yake aanze na kompyuta ya zamani asiyoililia, atafute rejeta ya shaba, na asiwashe mashine kabla tishu hazijamaliza saa 24 zikiwa kavu.